Mwaka Niliomleta Mama Profesa Kolwezi

Tulimzika Tata Faustin, mume wa Mama Profesa, Jumamosi iliyopita, na tangu siku hiyo nikisimama mbele ya wanafunzi ninajikuta nimenyamaza katikati ya sentensi. Kwenye kilio, wageni walipokuwa wakionyeshwa mahali pa kukaa, binti yake mkubwa Nadine alinishika mkono, akanipitisha mbele ya wenzangu wa chuo kikuu, akaniketisha kwenye mkeka wa familia pamoja na shangazi zake. Shangazi mmoja aliyetoka Tenke alinitazama, kisha akauliza bila hata kushusha sauti, "Huyu mama ni nani kwetu?" Nadine akamjibu kwa Kiswahili chetu cha huku, ambamo "ndiyo" ni "njo" na "kuja" ni "kuya": "Njo ye alikuya kutuita kule Lubumbashi, tukakuya huku." Alisema hivyo bila uchungu wowote, kama mtu anayesema fulani alinisimamia ubatizo. Kina mama wakasogea, wakanipa nafasi katikati yao. Nilikaa, nikavuta kitenge mpaka kifundo cha mguu, nikatamani wangeniacha kule nje kwenye viti vya plastiki na watu wengine.

Mwaka ule nilikuwa sijafika thelathini. Nilikuwa asistanti wa Profesa Yav, mtu wa Musumba, mrefu, mwenye koti moja la kahawia alilolivaa hata siku za joto. Ofisi yetu ilikuwa nyumba ya zamani ya mhandisi wa migodi: chumba cha kulia chakula ndicho kilikuwa ukumbi wa mikutano, na bafu lilijaa viti vilivyovunjika. Dirisha la jikoni lilitazama kilima cha mabaki ya mgodi, na kiangazi upepo ulipovuma, vumbi lake lilikaa juu ya chai kabla hujaimaliza. Katika nyumba hiyo Profesa Yav alikuwa na wazo moja lililomnyima usingizi. Alitaka kukusanya walimu wa fakulte mbalimbali wafanye utafiti mmoja juu ya maisha ya familia zinazoishi karibu na machimbo. "Mutoto akikohoa pale," alizoea kuniambia, "munganga anaona kifua. Mutu wa sheria anaona kiwanja. Mutu wa ekonomi anaona kazi ya baba. Sasa nani anaona nyumba?" Mtu wa sheria alikuwa amempata, na wa kilimo, na wa uchumi. Aliyekosekana ni daktari wa watoto. Akanituma Lubumbashi nikamtafute, kwa sababu, alisema, watu hunisikiliza kabla hawajaamua kama wananiamini.

Sikuwa nimewahi kumshawishi mtu mzima jambo lolote kubwa. Profesa wa kwanza alinipokea akiwa amesimama mlangoni na funguo za gari mkononi, akaniuliza kama Kolwezi maji yanatoka bombani, akanishukuru kabla sijajibu. Wa pili alinikaribisha vizuri, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka kwa upole na kusema kwamba mke wake akisikia jina la Kolwezi atarudi kwa wazazi wake. Nilikuwa nimeanza kufikiria maneno ya kumpelekea Profesa Yav niliposikia habari za Mama Profesa Georgine. Nilimkuta hospitalini, kwenye korido iliyojaa kina mama na watoto migongoni. Mwanamke mnene kidogo, miwani imening'inia kifuani, anazungumza na kila mtoto kama na mtu mzima. Nilimweleza lile neno la Profesa Yav kuhusu nyumba. Akavaa miwani, akanitazama vizuri, akasema, "Jumapili kuya kwetu, tule. Bwana yangu atapika."

Nilidhani ni utani. Jumapili nilipofika nilimkuta Tata Faustin jikoni kweli, amejifunga kitenge cha mke wake kiunoni, anakaanga samaki. Alikuwa fundi wa injini kwenye karakana ya reli, amezaliwa Tenke ambako baba yake naye alifanya kazi ya reli, na aliniambia huku akigeuza samaki kwamba mtoto wa Tenke hulala vizuri treni ikipita na kuamka isipopita. Sebule yao ilikuwa ndogo na safi, ina kabati la vioo lenye vikombe vya harusi na picha ya wafanyakazi wa karakana wamesimama mbele ya injini, yeye akiwa mwisho kabisa, kifua mbele. Tulikula bukari, ugali wetu, na samaki na mchicha wa lengalenga. Mabinti wao wawili waligombania kichwa cha samaki, na baba akakigawa kwa haki ya hakimu. Mama Georgine aliniuliza maswali ambayo hakuna profesa mwingine aliyeniuliza: familia zenyewe zimekubali kutafitiwa? Tutawarudishia nini? Mtoto tukimkuta mgonjwa, tutamwandika tu au tutamtibu? Nilijibu nilichojua, na nisichojua nikasema sijui. Niliona uso wake unabadilika, kama mtu aliyekaa muda mrefu kwenye chumba chenye giza akafunguliwa dirisha.

Baada ya kula waliondoa sahani wote wawili, wakaniacha sebuleni na watoto. Ukuta ulikuwa mwembamba. Nilimsikia akisema, "Faustin, mi niko nachoka kutibia batoto na kuwarudisha mu nyumba ile ile yenye ilibagonjesha." Maji yakamwagika. Kisha mume: "Na mi nitafanya nini kule?" Na mama: "Basi nitaenda peke yangu, nirudi kila mwisho wa juma." Na yeye: "Hapana. Mi sitaki batoto baone mama yao kama mugeni. Tukienda, tunaenda bote." Waliporudi, Tata Faustin alikaa mbele yangu, akajifuta mikono taratibu, kidole kimoja kimoja, akaniuliza kuhusu kazi yake. Nilimwambia neno kwa neno nililoagizwa: kwamba Profesa Yav anafahamiana na wakubwa wa reli pale stesheni ya Kolwezi, kwamba atajaribu, kwamba hakuna ahadi. Alitikisa kichwa kuonyesha ameelewa. Kisha akaniuliza kitu ambacho sikuwa nimeagizwa jibu lake. "Na weye mwenyewe, Anjela, unaona itapatikana?" Nikasema, "Tata, mi naamini." Na kweli niliamini. Nimelirudia jibu hilo miaka yote hii nikitafuta uongo ndani yake. Laiti ningeupata, ningekuwa na kitu cha kuombea msamaha. Sikudanganya. Nilikuwa tu na uso wa mtu anayeamini, na mwanamume mwenye akili aliutazama uso huo akaacha kazi aliyoijua tangu ujana wake.

Nilitoka pale, nikampigia simu Profesa Yav nikiwa bado barabarani, nikamwambia, "Tumempata." Nakumbuka nilivyotembea siku ile. Nilitembea kama mtu aliyeshinda mechi.

Walihamia Kolwezi kiangazi kilipokuwa kinaanza, vitu vyao juu ya lori lililopita Likasi na Fungurume likifuata foleni ya malori ya madini. Chuo kiliwapa nyumba yenye baraza na mparachichi, na Tata Faustin alitengeneza kila kilichoharibika ndani yake katika juma la kwanza: bomba, mlango, nyaya. Juma la pili hakuwa na cha kutengeneza. Sisi kazini tulikuwa na furaha ambayo nikiikumbuka leo naona aibu. Mama Georgine alifika ofisini akawapanga wanaume wale watatu kama watoto wa darasa moja. Mtu wa sheria akajifunza kupima mkono wa mtoto aliyekonda; mtu wa kilimo akajifunza kukaa kimya mama anapolia. Asubuhi tulikwenda mitaa ya karibu na machimbo, tukikaa kwenye baraza za watu, tukiuliza wanakula nini na wanakula na nani, nani hulala wapi, mtoto akiumwa nani hubaki naye. Saa sita tulirudi, na mara nyingi tulimkuta Tata Faustin ameketi kwenye ngazi ya ofisi na sufuria iliyofungwa kwa kitambaa. Alituletea chakula sote. Maharage ya Mutshatsha, sombe ya majani ya muhogo, wakati mwingine samaki wa ziwa la Nzilo. Tulikula tukibishana juu ya familia, na yeye alisikiliza huku anachukua sahani zilizokwisha. Siku moja mtu wa uchumi alimwambia, kwa nia njema kabisa, "Tata, mwanamuke gani anapata bwana kama weye?" Watu wakacheka. Naye akacheka. Niliona alivyofunga kile kitambaa cha sufuria, fundo juu ya fundo.

Kazi ya stesheni haikupatikana. Profesa Yav hakumtupa. Nilimsikia mara nyingi kwenye simu akibembeleza, akikumbusha, akipandisha sauti. Nilikwenda na Tata Faustin mwenyewe kumwona mkubwa mmoja, ambaye alituambia treni zenyewe ni chache kuliko mafundi walioko. Tulirudi kwa miguu. Kwenye kona ya soko vijana fulani walimsalimia, "Bwana ya Profesa," naye akainua mkono. Nikamuuliza wanamjua wapi. "Hawanijue," akasema. "Banajua bibi yangu." Muda mfupi baadaye sufuria ziliacha kuja ofisini. Mama Georgine alituambia kwa furaha kwamba mume wake amepata vibarua, anatengeneza pampu za maji za wafanyabiashara. Ilikuwa kweli. Alichokuwa hajui ni kwamba pampu hizo zilikuwa za machimbo, na kwamba fundi aliyeanza na pampu juu ya shimo alikuwa sasa anashuka ndani na wachimbaji, wale tunaowaita bakrezere, vijana waliotoka kila pembe ya nchi, wengi wao umri wa kuwa watoto wake.

Tulilijua hilo pamoja, Mama Georgine na mimi, kwenye baraza ya mama mmoja muuza mandazi. Ilikuwa asubuhi ya mawingu, mvua za kwanza zilikuwa karibu. Mama yule alikuwa anakanda unga huku akitujibu, mchangamfu, anapenda kusikilizwa. Mama Georgine alimuuliza swali letu la kawaida: wanaume wa mtaa huu wanaochimba ni wa namna gani? Akasema, "Ni bote. Vijana, ba baba, hata bantu bakubwa ba masomo. Kuko mumoja banamuitaka Bwana ya Profesa. Bibi yake njo anafundisha ku iniversite. Ye anashukaka mu shimo na batoto badogo." Sikuweza kumtazama Mama Georgine. Nilisikia tu sauti yake, ile ile ya hospitalini, ikiuliza, "Na ye anasemaka anachimba juu ya nini?" Mama yule akafikiri, akageuza donge la unga. "Anasemaka pale chini hakuna mutu anamuuliza bibi yake anaitwa nani." Akacheka kidogo. Mama Georgine akauliza, "Bibi yake anajua?" Na mama yule, bila kuinua macho: "Sijue. Akijua, atamuacha aende?" Mama Georgine alimshukuru. Akanunua mandazi, akamtazama masikio mtoto mdogo wa mama yule, akampa ushauri, akaaga. Tulipofika mbele ya nyumba yake akafungua mlango wa gari, akanigeukia. "Ingia, tule. Mi sitaki kuingia peke yangu."

Tata Faustin alikuwa amerudi mapema siku hiyo, ameoga, nywele bado na maji. Aliandaa meza kwa ajili yetu sote. Watoto walikuwa shuleni bado. Mama Georgine alikula vipande viwili vya bukari, akaweka mkono mezani. "Faustin, leo banawake ba kule ku machimbo balinisimulia habari yako." Tata Faustin aliendelea kutafuna mpaka akameza. "Njo vile," akasema. Na mama: "Ungenambia." "Ningekuambia nini? Kwamba mi naona haya kula mu sahani yako?" "Ni sahani yetu." "Kwako ni yetu. Weye haujakula yangu tangu tulikuya." Hakusema kwa hasira. Alisema kama anavyoeleza ubovu wa injini. Kisha akanitazama mimi, na sijasahau kwamba alitabasamu, kwa sababu alikuwa mwenyeji na mimi mgeni. "Kula, Anjela. Bukari ikipoa inakuwa jiwe." Mama Georgine alimwambia watarudi Lubumbashi, kazi yake ya chuo ataiacha, yote ataiacha. Tata Faustin akakataa. Alisema amemwona akirudi jioni akiimba, jambo ambalo Lubumbashi hakulifanya kwa miaka, na hatakuwa yeye wa kumnyamazisha. Alichokubali ni kuacha kushuka shimoni. Angekwenda asubuhi inayofuata kuwaaga vijana na kuchukua vyombo vyake vya ufundi, basi. Nililala vizuri usiku ule. Niliona jambo limepatiwa dawa.

Mvua ilianza kabla hakujapambazuka sawasawa na kukatika asubuhi. Tata Faustin alikwenda kama alivyosema. Vijana walinieleza baadaye kwamba hakushuka. Alikuwa amesimama ukingoni, anafungua pampu yake, udongo uliolowa ukakatika chini ya miguu yake, akaenda nao, na jiwe likafuata. Walimtoa akiwa hai. Simu ililia ofisini, na aliyeipokea ni mimi, kwa sababu kuipokea ilikuwa kazi yangu. Mama Georgine alikuwa chumba cha mikutano, anawaeleza wenzetu kwa chaki ubaoni jinsi afya ya mtoto inavyofuata heshima ya baba ndani ya nyumba. Nilisimama mlangoni. Aliniona uso, akaweka chaki chini, akauliza neno moja tu: "Hai?" Nikasema, "Hai." Hospitalini walimkata mguu mmoja juu ya goti, na wa pili haukupona kamwe ukawa mguu. Alipoamka, nilikuwa kwenye korido na Nadine amelala mapajani mwangu, na kupitia mlango nilimsikia akimuuliza mke wake kama mkutano wa asubuhi ulikwenda vizuri.

Hawakurudi Lubumbashi. Watu walidhani Mama Georgine angeondoka, na nadhani mimi nilitamani aondoke, ili niache kumwona. Alibaki. Mwisho wa mwaka tuliwasilisha utafiti wetu ukumbini, mbele ya wakubwa wa chuo na wa mkoa. Sehemu iliyopigiwa makofi kuliko zote ilikuwa ya baba wasio na kazi na kinachotokea mezani mwao. Mtu mmoja alisimama akaisifu, akauliza walimu wameelewaje mambo ya ndani kiasi hicho. Mama Georgine alisema, "Watu walitupokea nyumbani mwao," akakaa. Kutokana na sehemu hiyo mimi niliandika tasnifu yangu ya udaktari. Kutokana na tasnifu nikapata cheo, na kutokana na cheo, Profesa Yav alipostaafu na kurudi kwao Musumba, nikapewa kiti chake. Leo kikundi chetu kina jengo, kina walimu wa fakulte nyingi, na kila mwaka mimi ndiye ninayekwenda Lubumbashi na kwingine kuwaita wapya. Nikiwa na mtu mezani, nikiona mwenzi wake yuko kimya, ninasema mengi mno juu ya ubaya wa Kolwezi: vumbi, maji, umeme, nyumba zenye nyufa. Wengine hukasirika, huuliza kwa nini basi nimekuja. Wengine hukubali vilevile, na hao ndio wanaoniogopesha.

Miaka yote hiyo Tata Faustin alinisalimia vizuri. Alikaa barazani kwake kwenye kiti chake cha magurudumu, akitengeneza redio na pasi za watu, na nilipopita aliniita nije ninywe munkoyo. Nilikwenda mara chache kuliko alivyoniita. Mara moja tu nilianza kusema, "Tata, ile siku ulipika samaki..." naye akanikatiza kwa kusifu samaki wale, walivyokuwa wanene, na jinsi samaki wa siku hizi hawana mafuta. Sikujua kama ananihurumia au ananikataza. Sasa sitajua.

Jumamosi, baada ya mazishi, watu walipokuwa wamekula na wengi kuaga, nilimkuta Mama Georgine nyuma ya nyumba. Mjane haoshi vyombo siku ile. Wifi zake walikuwa wamemkatalia, wakachoka, wakamwacha. Alikaa kwenye kigoda mbele ya beseni, mikono ndani ya maji mpaka viwiko. Nilichuchumaa kando yake, nikachukua kitambaa, nikaanza kufuta sahani. Amezeeka, miwani yake sasa ni mizito, na mvuke wa maji ulikuwa umeifunika, hakuijali. Nilikuwa nimejiandaa tangu kanisani. Nikasema, "Mama Profesa, mi nataka kukuomba..."

"Usiniombe, Anjela," alisema, bila kunigeukia. "Ukiniomba, nitalazimika kukujibu."

Akanipa sahani nyingine. Nikaipokea, nikaifuta.